Re: Re: HR wanasema "leave" yangu imekwisha

Mama Z, Reading:
Wapendwa, salaam. FLR(M), ombi la familia la kuongeza kibali cha kukaa Uingereza, nilituma kabla cha zamani hakijaisha, alama za vidole nimetoa, nasubiri jibu. eVisa (kibali changu cha mtandaoni) inaonyesha leave, yaani kibali cha kukaa, imekwisha. Leo HR wa kituo chetu cha wazee wameniandikia "leave yako imekwisha", nisiingie zamu. Mchana meneja naye: "leave yako imepitishwa", ile likizo ya Agosti, nikamwone mama Tanga. Niwajibu nini? Na tiketi nikate?

Kaka wa Coventry:
Pole dada. Hiyo ni 3C, kifungu cha sheria ya uhamiaji ya 1971. Umeomba mapema, kibali cha zamani kinaendelea kwa masharti yaleyale. Wape share code, ile namba ya kuangalia kibali chako mtandaoni, wakuache.

Bi Mkubwa, Leicester:
Kaka, usimpoteze mtoto wa watu! Code itawaonyesha muda umepita, basi. HR ndio waulize ECS (huduma ya Home Office ya kuhakiki wafanyakazi) wapewe PVN, barua ya kuthibitisha unaruhusiwa kufanya kazi, inawakinga na faini miezi 6. Mimi HR wangu waligoma mpaka chama cha wafanyakazi kikaingia kati, kodi ya nyumba akanilipia shemeji.

Kaka wa Coventry:
3C nimekosea wapi? Soma kwanza ndiyo ufoke.

Kijana wa Slough:
Hawa watu neno ni moja tu? Livu ya kazini, leave ya uhamiaji, na 2016 wakaipigia kura Leave yao wakaondoka Ulaya. Mzee mmoja hapa kupewa ILR (Indefinite Leave to Remain, kibali cha kukaa bila kikomo) akauliza hiyo likizo isiyo na mwisho ina mshahara.

Bi Mkubwa, Leicester:
Mcheke tu. Hiyo "isiyo na mwisho" ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo inakufa. Na Mama Z, livu ya meneja isikudanganye: ukitoka kabla ya jibu, ombi linahesabiwa umeliondoa. Tanga hapana.

Mama Z, Reading:
Mama ana presha, Bi Mkubwa. Na Agosti machungwa ya Muheza ndiyo yenyewe.

Kijana wa Slough:
Usinitie hamu. Ya dukani hapa ni maji matupu.

Kaka wa Coventry:
Serikali ya kwetu ingetoa uraia pacha, nani angehangaika na haya? Ukichukua pasi nyekundu unapoteza ya Tanzania.

Bi Mkubwa, Leicester:
Pasi za Uingereza ni za buluu tangu 2020, kaka. Na uraia pacha una uzi wake, usituletee hapa.