Gita la nailoni la fundi wa mtaani, Dodoma: nimepigwa au nivumilie?

Mwalimu_wa_Kwaya:
Wakuu, salaam. Mwezi wa tatu nilimpa fundi fanicha wa mtaani kwetu kazi ya kunitengenezea gita la nyuzi za nailoni, laki mbili na nusu. Mgongo na mbavu mninga, uso wa mbele paini, shingo mkangazi. Kwa macho linapendeza mpaka wanakwaya wanapiga nalo picha.

Shida iko mkononi. Nikibana nyuzi kupata F, beti moja tu vidole vinawaka moto. Karibu na funguo za kukazia liko sawa, lakini nikifika freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukata shingo) sauti za nyuzi zote zinapanda, na nikipiga pamoja na kinanda ni aibu tupu. Tangu Juni ncha za freti zinanikwaruza kiganja, wakati Machi zilikuwa laini. Besi ipo, ila uzi wa kwanza unalia "tk" na kuzima, kama nagonga meza. Fundi anasema litafunguka lenyewe nikizidi kulipiga. Kweli, au ananituliza?

Tupa_Laini:
Mwalimu, usimrukie fundi bado. Chukua rula. Magita mengi ya aina hii uzi una sentimita 65, kwa hiyo kutoka juu, shingo inapoanzia karibu na funguo, hadi freti ya 12 upate 32.5, na kutoka hapo hadi kwenye kijiti cha daraja, kile kinachobeba nyuzi huku chini usoni, izidi milimita moja au mbili. Kisha pima uzi umeinuka kiasi gani juu ya freti ya 12. Mwembamba milimita 3, mnene 4, hapo mtu anapiga kwa raha.

Mwalimu_wa_Kwaya:
32.5 na 32.6. Kuinuka: mwembamba 5, mnene 6!

Tupa_Laini:
Basi una bahati. Freti zingekuwa zimepangwa vibaya ningekwambia litundike ukutani. Uzi ukiwa juu hivyo, kuubana tu ni kuuvuta, ndiyo maana sauti inapanda. Kisugue kijiti kwa chini. Kila milimita unayotaka ishuke pale freti ya 12, kwenye kijiti unaondoa mbili. Kama hakikuchomoza vya kutosha, acha, tatizo ni pembe ya shingo. Cha zamani kitunze, chonga kipya cha mfupa wa ng'ombe, Dodoma hatujakosa mifupa.

Freti hazijakua. Shingo ndiyo iliyosinyaa kwa kiangazi chetu, chuma kikabaki kilivyo. Pitisha tupa kwenye ncha, na gita lilale kwenye boksi lake pamoja na kisahani cha sabuni chenye kitambaa kibichi.

Hiyo "tk" sasa. Uso una unene gani pale kwenye tundu? Wengi huishia milimita 2 na nusu. Mwaka 1862 Antonio de Torres wa Hispania alitengeneza gita lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, uso tu ndio mbao, kuonyesha sauti inatoka wapi. Mninga wako ni suti.

Mjukuu_wa_Zeze:
Babu alikuwa anawamba zeze kwa ngozi nyembamba. Angewamba soli ya kiatu tungecheza nini?

Mwalimu_wa_Kwaya:
Milimita 4 na nusu, wakuu. Nimemfuata fundi, kaniambia aliogopa nyuzi zingeng'oa daraja, akaacha mbao nene kama ya mlango wa kabati. Kijiti tumekisugua pamoja, F sasa inabanika, na freti ya 12 imebaki kupanda kidogo sana. Uso mpya atauweka mvua zikianza. Gundi nanunua mimi.