Nyuklia Siaya: taka tutazika wapi na pesa ni ya nani?

Kibuye_Boy: Wadau habari za jioni. Hii stori ya mtambo wa nyuklia Siaya kila baraza ni kazi kwa vijana na stima bei nafuu, lakini sijasikia mtu akisema fueli ikishatumika inapelekwa wapi. Nimesoma Marekani walitoboa mlima huko Nevada, wakamwaga kama dola bilioni 15, na mpaka leo hakuna taka imeingia. Sasa sisi tutaweza? Anayejua anieleweshe, matusi hapana.

FundiStima_Nakuru: Ni ukweli, unaitwa Yucca Mountain. Sheria yao ya 1982 ilisema wenye mitambo walipe kwa mfuko wa taka sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila yuniti ya stima, na serikali ianze kuchukua taka 1998. Ikafika, ikapita, kampuni zikaenda kortini zikashinda, sasa zinalipwa fidia ya mabilioni na hiyo inatoka kwa mlipa kodi, si kwa ule mfuko. Mfuko nao uko na zaidi ya dola bilioni 40 lakini ni kwa vitabu tu, serikali ilishajikopesha ikatumia kwingine. Na kilichoua mradi ni siasa zaidi ya mawe. 1987 bunge lilifuta sehemu zingine zote likabakisha Nevada peke yake, wenyeji wakagoma miaka yote mpaka Obama akakata bajeti.

nyar_bondo: Finland walienda tofauti. Pale Olkiluoto wamechimba zaidi ya mita 400 kwa mwamba mgumu, fueli inawekwa kwa mikebe ya shaba halafu inazungushiwa udongo wa bentonaiti, ule ukishika maji unafura unaziba kabisa. Pesa imetoka kwa wenye mitambo. Na baraza la Eurajoki, manispaa ya hapo, lilikuwa na uwezo wa kukataa, likapiga kura likakubali. Sisi tutaulizwa hivyo? Watu wa Uyombo kule Kilifi waliandamana 2024 kupinga mtambo wa nyuklia wakakutana na polisi.

Omena_Kavu: Jameni, Kachok tu, lile jaa la taka la Kisumu, maganda ya ndizi na makaratasi, ilikaa miaka mingapi ikitoa moshi karibu na uwanja wa Moi? Na hapa mnaongea mita 400 😂

FundiStima_Nakuru: @Omena_Kavu umenimaliza. Lakini jueni hata shimo likiwepo, fueli ikitoka kwa mtambo lazima kwanza ikae kwa dimbwi la maji miaka kadhaa ipoe, baadaye inahamishwa kwa makasha ya chuma na saruji. Huko Marekani imebaki hivyo, kwa mitambo yenyewe. Kwa hivyo ikijengwa Siaya itakaa Siaya kwanza, kando ya ziwa.

Kibuye_Boy: Na kurudisha kwa aliyetuuzia je?

FundiStima_Nakuru: Inawezekana, Bangladesh walikubaliana na Urusi ichukue tena fueli iliyotumika ya mtambo wao wa Rooppur. Lakini hiyo huandikwa kabla ya kusaini, ukishajenga huna nguvu ya kuomba. Mkienda baraza achaneni na maswali ya kazi, ulizeni mfuko wa taka utashikwa na nani na kama Hazina itaweza kuugusa.

nyar_bondo: Wataleta soda na fulana, swali halitajibiwa. Lakini mimi nitauliza.