Pokémon shaini zenye rangi mbaya: kosa ni la mashini ao la bachoraji?

Jana tulibishana na mudogo wangu hapa Goma mpaka kura ya umeme ikakatika, basi naileta kwenu. Yeye anasema shaini, ile Pokémon ileile yenye rangi ingine inayopatikana kwa shida, nyingi ni mbaya juu bachoraji ni bavivu. Mi nasema muanze na mashini. Gold na Silver, michezo ya Pokémon, zilitoka Japani 1999, kwa Game Boy Color, mashini ndogo ya mukononi, na ukiwa kwenye pigano kila Pokémon iko na rangi ine tu, nyeupe na nyeusi ndani, hizo hazibadilike, unabakia na mbili za kuchezea. Ni kama fundi wa vibao vya saluni pale Birere mwenye mikebe mbili: akibadilisha mukebe wa midomo na kitenge cha ule mama kinageuka, juu vyote vilipakwa na mukebe moja. Angalia Gyarados, ile Pokémon shaini unaikuta kwenye ziwa Lake of Rage mule ndani, kila palipokuwa buluu pamekuwa nyekundu, paap, na ilipendeza! Hata alama ya kusema hii ni shaini hawakuitengea nafasi, balisoma namba za nguvu zenye zilikuwa mule tayari: ulinzi, mbio na special zote 10, shambulio moja ya namba 8 kati ya 16. Njo ile bahati ya 1 kwa 8192 ya kupata shaini mulikuwa munalilia.

Kadutu, Bukavu: Kwa 1999 sawa. Na Gengar, ile Pokémon ya zambarau? Michezo ya X na Y ni ya 2013, kwa mashini ya 3DS, mikebe iko mingi, lakini Gengar shaini bado zambarau karibu ileile, kama si zile nyota zinamulika unaipita. Na mule mule Mega Gengar, ni Gengar ileile ikigeuka kwa pigano, shaini yake ni nyeupe pyee! Kumbe baliweza, hawakutaka tu.

Komini ya Kenya, Lubumbashi: Shi batu banazoea ya zamani, ukiigusa banalia. Lakini musitukane mashini ndogo, kwa mchezo wa mapigano Mortal Kombat wa 1992, Scorpion na Sub-Zero ni ninja moja aliyebadilishwa rangi ya nguo, na leo kila moja iko na bafuasi bake.

Mi tena, wa Goma: Ile ya Mega Gengar sikuikumbuka, mudogo wangu asisome hapa. Gengar muchukue. Gyarados siitoe.