Kikundi chetu cha kutetea mifugo kinapukutika, naomba ushauri

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mikindani, Mtwara. Mwaka jana tulianza watu tisa kutetea mifugo: kuku wanaoletwa sokoni wakining'inia vichwa chini kwenye baiskeli, mbuzi wanaofungwa miguu minne na kutupwa kwenye buti la basi. Sasa tumebaki wanne, na mmoja simu hapokei.

Sheria tunayo, ile ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na wauzaji wengine ukiongea nao vizuri wanaelewa. Tatizo ni sisi wenyewe kuchoka. Juzi dada mmoja wa kikundi alimsihi muuza kuku awape maji waliokuwa kwenye tenga juani, midomo wazi, wanahema. Watu wakamcheka, "mama kuku huyo!" Akaenda kulia nyumbani peke yake, mimi nimejua baada ya siku tatu. Nikashtuka. Kumbe tunakutana kugawana kazi tu, hakuna anayemuuliza mwenzie anaendeleaje.

Nimewaza tukutane Jumamosi jioni bila ajenda, chai na mihogo tu. Mwenzangu anataka tuanze na mfuko wa kufaana kwenye misiba na magonjwa, maana huku asiyeonekana msibani si mwenzio. Halafu mmoja wetu hali nyama kabisa, mwingine anafuga kuku wa mayai, na hapo nako maneno hayaishi.

Mliowahi kuendesha vikundi vya kujitolea, mliwashikaje watu wasikate tamaa? Na yule dada, nimfuate kwake au nimwache apumue kwanza?