Bustani ya mimea Lindi: boganvilia za mjini au vichaka vya msitu wetu?

Wadau wa Kusini, habari za saa hizi. Hoja hii naisikia kila kukicha: Lindi ipate bustani ya mimea ya maua, au hela hiyo iende kulinda misitu ya Rondo na Litipo? Mimi nasema bustani iwepo, ila boganvilia zibaki hotelini.

Sababu yangu ni kahawa pori. Coffea schliebenii ni kichaka cha misitu yetu ya pwani, chenye maua meupe, na jina lake linatokana na Schlieben, Mjerumani aliyekusanya mimea maeneo ya Lindi miaka ya 1930. Mbegu za kahawa huwezi kuzikausha na kuzigandisha ukazisahau ghalani kama mahindi; nyingi zinakufa. Akiba ya uhakika ni mche hai. Kule Federal Way, Marekani, kuna bustani maalumu ya rododendroni, yaani vichaka vya maua, ya taasisi iliyoanzishwa 1964. Wao wanatunza vichaka vya milima ya Asia, sisi vya kwetu vinafyekwa kupisha ufuta!

— Mkuu, umesahau Amani? Bustani ya Wajerumani ya 1902, na Clidemia hirta, kichaka cha kigeni, kikatoroka pale kikavamia misitu ya Usambara Mashariki. Ile ya Dar ya 1893 nayo imemegwa ikabaki kipande. Halafu kiangazi cha huku unakijua. Mwezi wa tisa nani atabeba ndoo? Lipeni walinzi wa msitu, basi.

— La Amani nakubali, ndiyo maana nasema mimea ya hapahapa tu, hakuna cha kigeni. Na sijasema geti la marumaru. Kitalu cha viriba chini ya makuti, pale Rutamba jirani na Litipo, mbegu ziokotwe na wanakijiji wanaoujua msitu, walipwe. Mlinzi anazuia panga, lakini moto ukipita usiku mmoja, utapandikiza nini kama hukuotesha mche?

— Hapo sawa kidogo, kaka. Ila kitalu kikiwa cha wafadhili, mradi ukiisha viriba vinakauka, tumeshaona. Kiwe mali ya kijiji kwa maandishi, na fungu la maji litoke halmashauri kila mwaka. Bila hivyo mimi bado napinga.