MREJESHO: Ile albamu ya Billie Eilish niliyowauliza

Wakuu habari, niliwauliza kwanini watu walioiponda Hit Me Hard and Soft ilipotoka Mei 2024 sasa hivi ndo wanaisifu, mkanijibu niisikilize mwanzo mwisho bila kuruka. Nimefanya hivyo kwenye kivuko cha Kamanga navuka kwenda Sengerema, earphone masikioni, na aisee nimewaelewa sana.

Nyimbo ziko 10 tu, kaandika na kaka yake Finneas, na hakutanguliza singo hata moja, sasa shabiki aliyezoea kupewa singo kwanza aizoee ndo aje kwenye albamu lazima aone kama hamna kitu. Chukua L'Amour de Ma Vie, inaanza taratibu ya kubembeleza kabisa halafu ukishatulia inageuka mdundo wa klabu. Mshkaji wangu wa Kirumba alisema hapo wimbo umeharibiwa, juzi namkuta anarudisha nyuma palepale unapogeuka! Hakuna aliyemshawishi, ni masikio tu yamezoea.

Wimbo wa mwisho, Blue, bado anaukataa, anadai umevutwa mno. Mimi naupenda kuliko zote na tunabishana mpaka leo. Asanteni sana wakuu.