Kesho Mamboleo: gumzo la majirani, Kondele

Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Mama Duka, 19:42
Majirani, hamjambo. Kesho mwili wa Baba, Raila Odinga, unaletwa uwanja wa Mamboleo hapa Kisumu tumuage. Nani anajua watu wajipange vipi? Dani, yule bibi mzee wa ploti ya nyuma, anataka kwenda, na watoto wameshachuma matawi ya maombolezo.

Mwalimu wa Skauti, 19:47
Kwanza jueni hesabu. Laini moja, mtu mmoja kila sekunde mbili, ni watu 1,800 kwa saa. Laini mbili, moja kila upande wa jeneza, 3,600. Saa nne nzima ni 14,400, na Kisumu peke yake haitoshi humo, sembuse Siaya na Homa Bay.

Mwalimu wa Skauti, 19:49
Na hiyo ni kama hakuna anayesimama. Mmoja akisimama sekunde 20 alie au atoe simu, kumi nyuma yake wamekwama. Walio getini hawaoni kinachoendelea mbele, wanadhani wamefungiwa. Kusukumana huanzia hapo, nyuma kabisa, kwa watu wasio na nia mbaya. Ukifika mbele pita, inamisha kichwa, endelea.

Baba Boda, 19:55
Jana uwanja wa Kasarani, Nairobi, umati uliingia kwa nguvu mpaka risasi zikalia. Leo uwanja wa Nyayo, hukohuko, watu wameumia tena. Tusipeleke hayo Mamboleo.

Nesi Blok C, 20:01
Mama Duka, watoto wadogo wabaki. Kifua cha mtoto kiko usawa wa viwiko vya watu wazima. Huko chini hewa ni haba na hakuna anayemwona.

Nesi Blok C, 20:04
Wanaokufa kwenye msongamano wengi hawakanyagwi. Wanabanwa kifua wakiwa wamesimama wima, hawawezi kuvuta pumzi. Dalili ni hii: ukishindwa kuinua mikono mpaka usoni, au mwili unapelekwa na watu bila wewe kupiga hatua, toka wakati huohuo. Mikono mbele ya kifua kama bondia, ubaki na nafasi ya kupumua. Usishindane na wimbi. Likisukuma, nenda nalo. Likitulia, songa mshazari kuelekea pembeni. Kitu kikianguka, simu hata viatu, usiiname.

Mwalimu wa Skauti, 20:08
Pembeni ila si ukutani. Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, Machi 2021, watu 45 walikufa wakienda kumuaga Magufuli. Watu walipanda ukuta, ukaanguka, umati ukakimbia. Ukuta na uzio msipande wala msiegemee.

Shemeji wa Manyatta, 20:13
Matawi je? Huwezi kumuaga Jakom, mwenyekiti wetu Raila, mikono mitupu.

Mwalimu wa Skauti, 20:15
Beba njiani, shemeji, ni heshima yetu. Ukikaribia geti liweke kando ya njia. Kwenye msongamano tawi linachoma jicho la wa nyuma, na jani likiwa chini ya viatu linateleza.

Nesi Blok C, 20:21
Maji lita moja na nusu kila mtu, kofia, viatu vya kufunga, si ndara. Kunywa kidogo kidogo. Kusimama bila kusogea kunashusha damu miguuni, ndiyo maana watu wanazirai. Chezesha vifundo kila dakika chache. Kizunguzungu kikianza, toka pembeni ukae chini kabla hujaanguka. Aliyezirai mlaze, inua miguu, mwite wa Msalaba Mwekundu. Msimmiminie maji mdomoni. Wa sukari ale kabla ya kutoka na abebe glukosi mfukoni.

Mama Duka, 20:26
Na Dani?

Nesi Blok C, 20:28
Ana presha, foleni ya saa sita nzima hataiweza. Namwomba kwa heshima akae kwangu, tivii iko. Nitakuwa naye.

Baba Boda, 20:33
Barabara ya Kakamega itajaa mapema. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri kwa miguu, wawili wawili. Mtandao utalemewa, kwa hiyo andikeni SMS, msipige. Mkipotezana msitafutane ndani. Rudini steji ya Kondele mngojee hapo.

Mama Duka, 20:35
Sawa. Nachemsha maji usiku huu, leteni chupa zenu kabla ya saa nne.